Mwanamke Aliyechagua Kamera kwa Sikio

Kamera ikiletwa mbele yake, Bi Mpiga Picha hakuitazama kwanza. Aliishika kwa mikono miwili, akasogeza ushungi nyuma kidogo, akaiweka sikioni, akabonyeza. Akabadilisha mwendo, akabonyeza tena. Alianza na mwendo wa kasi na kushuka hadi ule wa polepole kabisa, ambapo kipazia cha ndani hufunguka na kukaa wazi sekunde nzima kabla ya kufunga. Mwenye kamera alikuwa amesimama papo hapo, akijiuliza kama huyu mama ana akili timamu.

"Hii ya sekunde moja inaburura mguu," alimwambia siku moja mgeni wa Kiholanzi, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. "Mwambie iliwahi kuanguka. Upande huu wa kulia."

Mholanzi akacheka, kisha akaacha kucheka. Kweli ilikuwa imeanguka, kutoka juu ya meza ya baa, wiki iliyopita. Alishusha bei kabla hajaombwa.

Miaka ile ya mwisho wa tisini na mwanzo wa elfu mbili nilikuwa msichana muuzaji katika duka la zawadi la hoteli moja ya Diani. Niliuza filamu, betri, mafuta ya kujikinga na jua, na twiga wa mti ambao miguu yao ilivunjika kabla hawajafika uwanja wa ndege. Yeye alikaa Msambweni, nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Watoto, wazee, hata imamu alipomtuma mtu kwake, wote walisema Bi Mpiga Picha. Na mimi nitabaki hapo hapo.

Kila Alhamisi alikuja dukani kwangu. Hakuja kununua kitu. Alikuja kuuliza nani anaondoka.

"Shikamoo, Bi Mpiga Picha."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako wanasafiri lini?"

Alikuwa na elimu yake juu ya jambo hilo. Mgeni akibakiwa na siku nne, alisema, bado anaipenda kamera yake na atakutajia bei ya dukani kwao. Akibakiwa na siku moja, ameshakasirika: ngozi imemwungua, mizigo imezidi kilo, hataki kusikia habari ya mtu. Siku mbili kabla ya safari ndiyo siku yake. Siku hiyo fedha zimemwishia na moyo haujachafuka. Basi mimi nilimwekea habari za siku mbili, nani anaondoka na ana nini shingoni, na sijui kwa nini nilifanya hivyo bila kudai chochote, mimi ambaye nilidai hata chenji ya senti.

Kununua kwake kulikuwa na taratibu. Aliketi. Alikataa soda. Alimwomba mgeni amweleze picha aliyoipenda kuliko zote katika safari yake, na mgeni alieleza, ndovu au machweo au mtoto wa nani, nami nikatafsiri. Ndipo akaiomba kamera. Baada ya sikio alikuja kwenye jicho: alimulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma, akitafuta kuvu. Pwani yetu ina unyevu, na kuvu hukaa ndani ya kioo kama utando mwembamba, na ukishaingia hautoki. Kisha ukucha. Alifungua mlango wa nyuma na kubonyeza kile kisponji cheusi kinachozuia mwanga. Kikinata kwenye ukucha, joto limeshakiyeyusha, na picha zitakuwa na michirizi.

Bei hakuitaja yeye hata siku moja. Alingoja. Mgeni akisema, alinyamaza, na kimya chake kilikuwa na uzito kuliko maneno yangu yote ya Kiingereza. Nimewaona wanaume wazima wakishuka mara tatu peke yao, wakijibizana na kile kimya, yeye akiwa anatengeneza mkunjo wa leso yake.

Lakini kukitukana kitu, hapana. Wachuuzi wetu wana tabia hiyo: kibovu hiki, kizee hiki, nipe kwa mia mbili. Yeye aliikataa. "Ukikitukana kitu kisha ukakinunua," alisema, "umejitukana mwenyewe." Alitaja kasoro zilizokuwapo na sifa zilizokuwapo, na hapo ndipo aliponikasirisha. Bibi mmoja wa Kitaliano alikuwa akiuza lenzi ya marehemu mumewe kwa bei ya bure kabisa. Bi Mpiga Picha akaimulika, akaigeuza, akaniambia: "Mwambie hajui alicho nacho. Mwambie bei yake ni mara tatu." Nilijifanya sikusikia. Alirudia, tena kwa sauti. Basi nikatafsiri, na lenzi ikaenda zake Italia, maana mara tatu hakuwa nayo.

Na huyu huyu, nawaambia, alikuwa tayari kusimama na muuza nyanya kwa ajili ya shilingi mbili mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Nilimwuliza mbona. Akasema muuza nyanya anajua bei ya nyanya, wanachezeana, ni haki. Yule bibi alikuwa hajui.

Mara moja tu nilimwona akikataa kamera bila kuiweka sikioni. Ilikuwa Ukunda, karibu na kituo cha magari. Kijana mmoja wa bara, aliyekuwa akizungukazunguka ufukweni na bangili za shanga, alitufuata.

"Mathe, cheki hii. Ni poa sana, na sikuitishi mob. Leta soo tano tu, tumalizane."

Shilingi mia tano kwa kamera ile ilikuwa kama kuokota. Mimi mkono ulishaanza kuwasha. Bi Mpiga Picha aliipokea, akashika kile kifundo kidogo cha kurudishia filamu, akakizungusha kwa ncha ya kidole. Kikagoma. Akamrudishia.

"Ina filamu ndani," alisema.

"Si nakupatia na hiyo filamu? Bonus!"

"Mtu anayeuza kamera yake, mwanangu, hutoa picha zake kwanza. Mwenye hii bado alikuwa anapiga. Irudishe ulikoitoa, na Mungu akusitiri."

Hakupiga kelele, hakumwita mwizi. Kijana aliondoka haraka kuliko angeondoka kwa kelele. Mimi, tangu siku hiyo, kamera yoyote nikiletewa nakizungusha kile kifundo. Ndiyo elimu pekee niliyoiba kwake ikanikaa.

Nyumbani kwake lenzi zilikaa ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya mchele uliokaangwa mkavu na kufungwa katika vitambaa. Mchele hunyonya unyevu. Kila mwezi aliukaanga upya, na jirani zake walisema huyu mama anapikia kamera kabla ya kujipikia mwenyewe, jambo ambalo halikuwa uongo. Watu walimletea kamera azikague kutoka Tiwi mpaka Munje: mwalimu aliyetaka kupiga picha za darasa, mhudumu wa hoteli aliyetaka kuanza biashara ya picha za wageni. Aliwauliza swali moja: "Utampiga nani?" Wengi walikuwa hawajalifikiria. Walifikiria ukubwa wa lenzi. Aliwaambia mwili wa kamera na uwe mzee, si neno, fedha zako zitie kwenye kioo.

Sitaki mdhanie alikuwa malaika. Alichelewa kila harusi. Bibi harusi alikaa saa mbili amepambwa, wanja unaanza kushuka, na yeye ndiyo kwanza anaingia na mkoba wake, wala haombi radhi. "Asiyejua kungoja ataishije na mume?" Tena alikuwa mfupi, na wanawake warefu katika picha zake walikatwa vichwa. Shangazi yangu ana picha tatu za harusi tatu, na katika zote ni shingo na mkufu. Walimlalamikia, akawaambia wakae.

Pamoja na hayo hakuna aliyemwita mwingine, na sababu si kwamba alikuwa mpiga picha bora. Siku ya kupamba, kwetu, wanawake huwa peke yao. Mabuibui yanatundikwa, nywele zinafunguliwa, mabega yako wazi, watu wanacheza walivyojaliwa. Mwanamume haingii. Na kama haingii, basi na picha zake asizione. Lakini filamu ya rangi haijisafishi. Inapelekwa studio Mombasa, inatiwa mashineni, na mwenye mashine anaziona zote, moja baada ya moja, kabla yako.

Kwa hiyo Bi Mpiga Picha hakupeleka filamu. Alizisindikiza. Kule Mombasa alikuwa amepata studio moja ambayo mashine yake iliendeshwa na mwanamke, na alivuka kwa feri na roli zake za filamu, akasimama ubavuni mwa mashine mpaka picha ya mwisho itoke. Zilizoharibika alizitoa kwenye pipa la taka na kuondoka nazo. Mwenye studio alimwona mwendawazimu mwanzoni, baadaye akamwekea kiti, naye hakukikalia. Negativu alimkabidhi bibi harusi mkononi. "Amana yako," alisema, basi, wala hakuongeza.

Miaka mingi ilikwenda hivyo. Kisha yule mwanamke wa mashine akaolewa, mumewe ni mtu wa malori, akahamia Mackinnon Road, mji wa huko bara. Mahali pake wakawekwa vijana wawili, wazuri, wenye adabu, lakini wanaume. Bi Mpiga Picha alifika na roli za harusi nne, akawaona, akageuka nazo. Alizunguka Mombasa siku nzima. Hakupata mwanamke mwingine kwenye mashine.

Roli zile zikakaa ndani ya mkebe, juu ya mchele, na mabibi harusi wanne wakawa wanauliza. Nyeusi na nyeupe angeweza kuzisafisha mwenyewe, bafuni kwake, kwa dawa na beseni. Lakini nani alitaka nyeusi na nyeupe? Hina haionekani, ikawa kama mikono imechafuka. Leso jozi ya harusi, nyekundu ya moto, inatoka kijivu. Mmoja akaanza kusema afadhali vijana wa Mombasa kuliko kukosa kabisa. Kazi yake ilikuwa inamponyoka na yeye anaiona. Na mimi nilikuwa na yangu: nilikuwa nimechumbiwa, siku ilikwisha wekwa, na nilizitaka rangi zangu. Nilizitaka mno, nisifiche.

Ndipo akaja Mjerumani.

Alikuwa mpiga picha wa matangazo, ameletwa kupiga picha za hoteli yetu. Kamera yake kuu ilikuwa kubwa, lenzi inavuliwa na kuvishwa kama zile za Bi Mpiga Picha, ila haikuwa na filamu. Picha iliingia kwenye kadi, na ulipomaliza kubonyeza uliiona nyuma, kwenye kidirisha kidogo. Alinionyesha picha ya duka langu, na mimi ndani yake nimefungua mdomo. Nilikuwa sijapata kuona kitu kama hicho. Akaniambia anayo nyingine, ya kwanza yake. Ilimwanguka, pembe ya kidirisha ikapata ufa, bima ikamlipa na mpya akanunua. Ile ya ufa inafanya kazi, na angependa kuiuza kuliko kuibeba.

Akili yangu ilikimbia moja kwa moja mpaka Msambweni. Haina filamu! Basi hakuna studio, hakuna kijana, hakuna jicho la mtu! Mhasibu wetu hotelini, mama wa Kitaita, alikuwa na kompyuta na printa ya rangi, na nilipomwuliza aliniambia atatuchapia mlango ukiwa umefungwa. Nilituma salamu siku hiyo hiyo.

Alikuja siku mbili kabla ya safari ya Mjerumani, kama kawaida yake. Tuliketi ukumbini, chini ya paa la makuti. Alikataa soda. Alimwuliza picha aliyoipenda. Aliiweka kamera sikioni, na nikaona uso wake ukifunguka: kipazia kilikuwa kizima. Mjerumani alianza laki moja. Kimya kikamshusha tisini, kikamshusha themanini, na kwa sabini akasema hapo ndipo mwisho. Sabini elfu ndiyo akiba yote ya Bi Mpiga Picha. Alikuwa nayo kiunoni, imefungwa pembeni mwa leso.

"Niijaribu kwanza," alisema. Akanishika mkono, tukaingia ghala la duka langu, akafunga komeo.

"Vua kitambaa."

Nikavua. Nikafungua nywele, nikajichekea mwenyewe kwa furaha, na akanipiga. Tukatazama. Nilikuwa mimi, katika kidirisha chenye ufa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba mimi ni mzuri. Kisha akabonyeza pale Mjerumani alipomwonyesha, na nikatoweka. Kidirisha kikabaki cheusi.

"Imekwenda," alisema. Macho yake yalikuwa na machozi, nami nilikuwa sijawahi kuyaona. "Subhanallah. Mwanangu, imekwenda, hakuna aliyeona."

Tulirudi ukumbini kama watu waliookota lulu. Fundo la leso lilikwisha kulegezwa. Lakini yeye hakununua kitu bila kumwuliza mwenye mali ina kasoro gani, na swali hilo aliliuliza hata siku ile.

Mjerumani alifikiri, alikuwa mtu mkweli. Akataja ufa. Akataja betri, haikai. "Ila mwambie asiogope kufuta picha kwa makosa," aliniambia kwa furaha, kama mtu anayeongeza nyongeza. "Kufuta si kufuta. Naweza kuirudisha." Na kabla sijamaliza kutafsiri alikwisha ichomoa kadi, akaitia kwenye kompyuta yake pale mezani, akagonga herufi mbili tatu.

Nikatokea. Si kwenye kidirisha kidogo. Kioo kizima cha kompyuta, nywele mabegani, nacheka. Mhudumu alikuwa anapita na sinia la maji. Alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akainamisha macho. Mpaka leo namkumbuka alivyoinamisha.

Bi Mpiga Picha alivua leso yake ya mabegani akaifunika kompyuta nzima.

Mjerumani aliona haya kwa kweli, maskini. Hakukusudia ubaya. Alisema ataifuta tena, na safari hii ataifuta sawasawa. Nilitafsiri. Bi Mpiga Picha alitikisa kichwa.

"Alisema imefutwa, ikarudi. Sasa atasema imefutwa sana. Mwulize, imebaki ndani ya kompyuta?"

Alijibu hapana, iko kwenye kadi tu. Bi Mpiga Picha akamtazama machoni, kama alivyowatazama wauzaji, na nadhani alimwamini.

"Mwambie ahamishe picha zake za hoteli, moja moja, nikiziona. Kisha mwulize kadi anaiuzaje."

Kadi peke yake! Mjerumani alisita. Alisema kadi hizi ni ghali kwao, na hii ni ya kazi, aliitia mle kwa majaribio tu; kama ni lazima, elfu thelathini. Niliitamka bei ile kwa aibu, na nikangoja. Nilingoja akae vizuri kitini, atengeneze mkunjo, anyamaze. Mtu huyu angeshuka, nilimjua, alikwisha anza kulegea. Dakika tano za kimya zingetosha, angeitoa hata bure.

Bi Mpiga Picha alifungua fundo. Alihesabu elfu thelathini juu ya meza, akaichukua kadi kwa vidole viwili, akainuka. Kamera ya elfu sabini ilibaki pale ilipo, na akiba ya kuinunua haikuwapo tena.

Nilimkimbilia nje, getini. Nililia, kwa aibu yangu na kwa kamera, na kwa rangi za harusi yangu, vyote pamoja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta pale. Alinitia kadi mkononi, akanikunja vidole juu yake.

"Bi Mpiga Picha, ametupunja! Elfu thelathini! Na wewe hata kumwambia apunguze hukumwambia!"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzito wa kuelewa.

"Apunguze nini, mwanangu? Uso wako?"